Barua ya wazi: Watafiti wetu wafundishwe kazi kwenye matope ya Kanda ya Ziwa

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Waziri mwenye dhamana ya mazingira,
Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),
Mkurugenzi Mkuu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC),
na Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vya umma.

Waheshimiwa,

Ninafundisha mikrobiolojia ya mazingira na kusimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaochukua sampuli kwenye mialo ya dhahabu, yaani sehemu za kuoshea na kuchenjulia dhahabu, mkoani Geita na maeneo ya jirani. Nina ombi moja, na ninalitanguliza ili msilitafute chini huko. Tengeni fedha za kudumu, kila mwaka wa bajeti, kwa mafunzo ya vitendo ya watafiti na mafundi sanifu maabara wanaochunguza namna uchafuzi unavyobadili vijidudu vya udongo na maji. Na mafunzo hayo yafanyike hapa Kanda ya Ziwa, kwenye matope yale yale tunayotaka kuyaelewa.

Naomba subira yenu nieleze kwa nini bakteria, maana ofisi nyingi nikizitaja zebaki huanza kuniuliza habari za barakoa na glovu za wachimbaji.

Kazi ya mwaloni mnaijua. Mwamba ukishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, mchanga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki ndani ya karai, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hukamata dhahabu, mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, na bonge linalobaki huchomwa. Mvuke wake huingia kwenye mapafu ya anayechoma na ya jirani yake, na ni haki kabisa kwamba kampeni zetu nyingi zimehusu mvuke huo. Lakini si zebaki yote inayopaa. Mwaka 2000, Peter van Straaten wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, aliyefanya utafiti Tanzania na Zimbabwe, alikadiria kwamba asilimia 70 hadi 80 ya zebaki inayopotea huenda hewani, na asilimia 20 hadi 30 hubaki kwenye marudio (mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu), udongo, matope ya vijito na maji. Kwenye sehemu hiyo ya pili ndiko kazi yetu inakoanzia.

Chini ya maji yaliyotuama, kwenye tope lisilofikiwa na hewa, wanaishi bakteria wanaopumua salfeti au chuma badala ya oksijeni. Baadhi yao, wakikutana na zebaki, huigeuza kuwa zebaki ya methili. Hiyo ndiyo sumu inayopanda kutoka kwenye tope hadi kwa vidudu vidogo vya majini, kisha kwa samaki wadogo, kisha kwa samaki wakubwa, ikizidi kujilimbikiza katika kila hatua. Ndiyo inayopenya kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Sweden, Jensen na Jernelöv, walionyesha kwamba vijidudu vya tope ndivyo vinavyofanya mageuzi hayo. Jeni zinazohusika, hgcA na hgcB, zilitambuliwa mwaka 2013 na timu iliyoongozwa kutoka maabara ya Oak Ridge nchini Marekani. Mwaka huo huo Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulipitishwa nchini Japani, nasi Tanzania tukauridhia mwaka 2020.

Wako pia bakteria wanaofanya kinyume chake. Wana jeni za kundi la mer, na kwa msaada wa jeni hizo huvunja zebaki ya methili na kuigeuza kuwa zebaki ya kawaida inayotoka kama mvuke. Kwa hiyo vijito viwili vyenye zebaki ya kiwango kile kile vinaweza kuwa na hatima mbili tofauti kabisa, kwa sababu tu wakazi wa tope lake ni tofauti. Maabara inayopima jumla ya zebaki peke yake haiwezi kukuambia kijito kipi kinamtishia mama mjamzito. Lazima mtu ajue nani anaishi mle ndani na anafanya nini.

Swali linalonikosesha raha ni la majaruba ya mpunga. Huko Wanshan, katika jimbo la Guizhou nchini China, eneo lililochimbwa zebaki kwa miaka mingi, watafiti waligundua kwamba wakazi wa vijijini walikuwa wakipata zebaki ya methili hasa kupitia wali, kuliko kupitia samaki. Jaruba lililofurika maji ni makao yanayowafaa sana bakteria hawa: tope laini, mabaki ya mimea, hewa hakuna. Sisi huku mialo na mashamba ya mpunga vinapakana. Maji yanayooshea mchanga wa dhahabu huteremka, na mpunga hulimwa kule chini maji yanakoteremkia.

Kuhusu samaki tuna mahali pa kuanzia. Mwaka 1996 Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Akagi wa taasisi ya Japani inayochunguza ugonjwa wa Minamata, unaotokana na sumu ya zebaki, walichapisha matokeo ya kupima zebaki katika samaki na watu wa maeneo ya dhahabu ya Ziwa Victoria, na viwango katika samaki wa ziwani vilikuwa vya chini. Ilikuwa kazi nzuri, ya watu waliokwenda wenyewe kushika samaki na kupima. Lakini tangu wakati ule uchimbaji umepanuka, na marudio yaliyobaki na zebaki sasa hununuliwa na kuchenjuliwa tena kwa sianidi. Kiambatisho C cha Mkataba wa Minamata kinalitaja jambo hilo waziwazi miongoni mwa mambo ya kukomeshwa: kuchenjua kwa sianidi mchanga uliotiwa zebaki bila kuiondoa zebaki kwanza. Sianidi huishika zebaki na kuifanya iyeyuke na kusafiri na maji. Ikifika kwenye kinamasi, bakteria wa huko wanaifanyia nini? Hilo ni swali la Nyarugusu na Rwamagasa, na hakuna maabara ya Ulaya itakayoamka asubuhi ikiwa na haraka ya kulijibu.

Niongeze jambo moja kwa wale wenye kushughulikia afya, kwani najua barua hii itawafikia. Kuna kipande cha DNA kinachohama, kinachojulikana kama Tn21. Kimebeba jeni za kuhimili zebaki, na humo humo kimebeba jeni za kuhimili streptomisini na dawa za salfa. Bakteria anayelazimika kukibeba ili aishi kwenye tope lenye zebaki anakuwa sugu kwa dawa za hospitali hata kama hajawahi kukutana nazo. Nchi yetu ina mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa tangu mwaka 2017. Kuchunguza mialo ni sehemu ya vita hivyo, hata kama bajeti yake inakaa wizara nyingine.

Sasa nije kwenye mikono, maana ndiko tunakokwama.

Mwanafunzi wangu anakuja akiwa amesoma. Anazijua hgcA na mer, anajua mzunguko wa PCR, njia ya kunakili DNA maabara, anaweza kuchora mpangilio wa jeni ubaoni bila kuangalia daftari. Tunakwenda kwenye kijito chini ya mwalo. Anashindilia mrija wa plastiki kwenye tope, anautoa, na ndani ya mrija unaona historia nzima ya mahali pale: juu tabaka la kahawia, sentimita chache chini tope jeusi linalonuka yai bovu. Harufu ile ni salfaidi, na inakuonyesha bakteria tunaowatafuta wako wapi. Mrija unatakiwa ujazwe maji ya pale pale hadi ukingoni, uzibwe pasibaki kiputo, usimamishwe wima, uwekwe kwenye barafu, na ufunguliwe tu ndani ya kisanduku kilichojazwa naitrojeni. Mwanafunzi asiyewahi kushikwa mkono kwenye kazi hii hulaza mrija, hufungua mfuniko achungulie, hutikisa. Oksijeni imeingia. Siku nzima ya kazi, gari la kukodi, posho ya dereva, vyote vimekwenda kumpimia bakteria aliyekwisha kufa au kubadili mwenendo wake njiani.

Au suala la kuchukua maji kwa ajili ya kupima zebaki. Utaratibu wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, unadai watu wawili, mmoja wa mikono safi na mmoja wa mikono michafu. Wa mikono safi hagusi kitu kingine chochote isipokuwa chupa ya sampuli na mfuko wake wa ndani. Wa mikono michafu ndiye anayefungua boksi, anayeshika mtumbwi, anayeandika. Ukisoma unaona ni rahisi. Ukiwa umesimama kwenye maji yanayofika magotini, jua kali, watoto wamekuja kutazama na simu inaita mfukoni, utasahau na kujipangusa jasho kwa mkono uliokuwa msafi. Mtu huzoea kwa kurudia mbele ya anayejua, mpaka mkono wenyewe ukatae.

Maabara nako kuna yake. DNA ya tope jeusi hutoka na rangi ya chai, kwa sababu ya tindikali za humasi zitokanazo na mimea iliyooza. Tindikali hizo huzuia kimeng'enya cha PCR kufanya kazi. Mwanafunzi anaendesha mashine, anapata jibu tupu, anaandika kwenye tasnifu kwamba jeni ya hgcA haipo katika eneo hilo. Ipo! Alitakiwa azimue sampuli mara kumi, au aongeze protini ya albumini, au aweke kwenye sampuli DNA anayoijua ili aone kama nayo inazuiwa. Hayo fundi mzoefu hukuambia kwa sentensi moja akipita nyuma yako. Bila huyo fundi, taifa linapata tasnifu inayosema kinamasi fulani ni salama, na kuna siku mtu wa NEMC ataitumia kutoa kibali.

Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi ya ukosefu wa vifaa. Kosa la namna hii halionekani. Linachapwa, linafungwa jalada gumu, linawekwa maktaba.

Waheshimiwa, sisemi hakuna kinachofanyika. Kupitia mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia tangu mwaka 2021, majengo yameinuka na vifaa vimenunuliwa katika vyuo vyetu vya umma. Tunaushukuru mradi huo, na vijana wanaokuja watakuwa na maabara ambazo sisi hatukuzipata. Lakini mashine inakuja na fundi wa kampuni iliyoiuza, anafundisha siku mbili namna ya kuiwasha, anapiga picha ya pamoja, anaondoka. Nimeiona mashine ya kupima jeni ikikaa chini ya turubai lake kwa sababu aliyefundishwa kuitumia amehamia kwingine, na vitendanishi vyake, yaani kemikali za vipimo, vimepitwa na muda vikisubiri taratibu za manunuzi. Sitaitaja taasisi, kwa kuwa haiko peke yake.

Nayo mafunzo tunayoandaliwa mara nyingi ni semina hotelini. Slaidi, chai ya saa nne, cheti, posho. Wanaotoa mada ni watu wazuri na wanajua wanachosema. Lakini hotelini hakuna tope, na mshiriki anarudi kazini akiwa hajashika hata pipeti.

Wapo watakaosema tuwapeleke vijana nje. Tumewapeleka, na waendelee kwenda. Wengi wetu ndiko tulikopikwa. Tatizo ni kwamba kijana anajifunza kwenye maziwa baridi ya kaskazini, ndani ya maabara ambayo naitrojeni inatoka ukutani na vitendanishi vinaletwa kesho yake. Akirudi hapa anakuta mtungi wa gesi lazima uagizwe, umeme umekatika usiku na friji la nyuzi 80 chini ya sifuri limeyeyusha kazi ya muhula, na joto la tope letu si lile la kwenye mwongozo. Hakufundishwa afanye nini hapo. Aliyefundishwa hapa, na watu wanaofanya kazi hapa, anajua kugawa sampuli sehemu mbili na kuzihifadhi majengo mawili, anajua kimiminika gani kinatunza DNA bila barafu hadi afike mjini, anajua jenereta ya nani iombwe.

Na sehemu nyingine za sayansi zimekwisha kuonyesha kuwa inawezekana. Watafiti wa magonjwa ya mihogo wa Tanzania, Kenya na Uganda walikwenda shambani kwa mkulima na kifaa cha MinION, kinachoingia mfukoni, wakasoma vinasaba vya virusi pale pale. Mtandao wa H3ABioNet, ulioratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, tangu mwaka 2016 uliendesha kozi ya bioinfomatiki, yaani kuchambua takwimu za jeni kwa kompyuta, kwa njia ambayo mihadhara ilirushwa kwa pamoja lakini kila nchi ilikuwa na darasa lake na wasaidizi wake waliokaa na wanafunzi mezani. Nairobi, kwenye kampasi ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wanasayansi wengi wa Afrika Mashariki wamejifunza kazi ya jeni kwa mikono yao. Wa mimea wamepata, wa magonjwa wamepata. Sisi wa matope na uchafuzi ndio tuliobaki.

Ninachopendekeza kinaweza kuanza na fedha kidogo ukilinganisha na gharama ya jengo moja. Kila mwaka, wakati wa kiangazi ambapo mialo inafikika, washiriki wasiozidi kumi na watano wakutane Mwanza kwa wiki nne. Wasiwe wanafunzi wa vyuo peke yao. Nusu yao wawe mafundi sanifu maabara, kwa maana hao ndio wanaobaki. Mwanafunzi anahitimu anaondoka, profesa anateuliwa anaondoka, fundi sanifu yupo pale miaka ishirini na hakuna anayemkumbuka zinapogawiwa nafasi za mafunzo. Wawepo pia maofisa wa NEMC na wa maabara ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ili atakayesoma ripoti ya mtafiti awe anajua ilivyopatikana na aweze kuihoji.

Wiki ya kwanza iwe mwaloni na kwenye majaruba, kwa ruhusa ya wenye mialo na wenye mashamba, na kwa kufuata usalama wote unaohusu zebaki. Zilizobaki ziwe maabara: kutoa DNA, kupima jeni za hgcA na mer, kuotesha bakteria wasiopenda hewa, kutofautisha zebaki ya methili na jumla ya zebaki, na kisha kukaa na kompyuta kusoma takwimu mpaka mtu ajue sampuli yake ya udhibiti inamwambia nini. Kila mshiriki aje na swali lake na aondoke na sampuli zake. Baada ya miezi sita warudi kwa siku chache na matokeo waliyoyapata wakiwa vituoni kwao, hasa yale yaliyokataa. Mafunzo yasiyo na kurudi huwa hayakai.

Fedha za vitendanishi zitengwe pamoja na mafunzo, kwenye fungu moja, na zisitegemee mfadhili. Najua neno hili ni zito. Lakini nchi za Umoja wa Afrika, yetu ikiwemo, ziliahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na sioni matumizi ya halali zaidi ya ahadi hiyo kuliko kumwezesha kijana wa Sengerema kupima maji ya Sengerema. Mfadhili akija aongezee. Akiondoka kozi isife.

Kuna jambo la mwisho ambalo kwangu lina uzito sawa na hayo yote. Matokeo yarudi mwaloni kwa Kiswahili. Wachimbaji na wakulima wa mpunga wametukaribisha mara nyingi, wametuonyesha maji yanakopita, wametusaidia kuvuta gari lililozama, nasi tumeondoka na tope lao kwenye maboksi ya barafu bila kurudi kusema tuliona nini. Mama mmoja anayelima chini ya mwalo aliniuliza kama mchele wake ni mzima. Ana haki ya kujibiwa na mtu aliyeupima vizuri. Siku ile sikuwa na jibu la kumpa, na hadi leo si jibu la kubahatisha. Kozi ninayoiomba imfundishe mtafiti pia kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na kueleza kipimo chake kinasema nini na kinaishia wapi.

Waheshimiwa, naomba mnijibu kwa maandishi kabla makadirio ya wizara zenu hayajasomwa bungeni Dodoma. Naomba COSTECH iitishe kikao kimoja cha vyuo, NEMC, taasisi ya utafiti wa uvuvi TAFIRI na Bodi ya Maji ya Bonde ili tukubaliane kozi ikae chini ya nani. Rasimu ya ratiba, orodha ya vifaa vilivyopo Mwanza ambavyo tayari vinaweza kutumika, na makisio ya gharama ya mwaka wa kwanza ninavyo, na nitavileta katika ofisi yoyote mtakayoniita.

Wenu katika kazi,

Mwalimu na mtafiti wa mikrobiolojia ya mazingira,
Kanda ya Ziwa